Nakala Mbili za Mti wa Tata

Usiku wa kuamkia leo niliota mti wangu umeitwa ofisini, na mimi nimetajwa kwenye barua kama "mtu wa kuubeba."

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mti wenye urefu wa sentimita arobaini na moja, unaoishi barazani kwa Adventina Kokugonza, msaga lenzi za miwani, Mwanza, ufike saa mbili kamili asubuhi katika Ofisi ya Utambuzi wa Miti Mifupi, ukiwa na jina lake. Usipokuwa na jina utapewa lolote litakalokuwa limebaki.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonipandisha hasira.

Hapa niseme kwamba mti huo ninao kweli, hata nikiwa macho. Ni bonsai. Miaka tisa iliyopita nilikata tawi nene kama dole gumba kwenye mti mkubwa nyuma ya nyumba ya baba yetu kule Ibwera, Bukoba. Nikalichomeka kwenye kopo, nikavuka nalo ziwa, nikalilea mpaka likawa mti kamili wa kukaa juu ya meza, wenye shina, mizizi iliyoshika udongo kama vidole, na taji la majani. Ukiutazama unadhani ni mti mkubwa ulio mbali.

Miaka miwili iliyopita kaka yangu Rwezaura aliukata ule mkubwa bila kuniuliza. Alinitumia picha. Pale uliposimama mti palikuwa na tangi jeusi la maji. Sikumjibu. Akapiga simu, sikupokea. Ujumbe wake ukiingia naliona jina, naacha. Wa mwisho niliousoma ulisema: "Koku, nipe hata kijitawi kimoja cha huo wako." Nikaigeuza simu kifudifudi, nikaenda kufua.

Na leo Jumamosi ni maonyesho ya chama chetu cha bonsai. Kila mti sharti uwe na kadi yenye jina lake. Kadi yangu ilikuwa tupu. Nyumbani tulikuwa tunasema "mti wa Tata," yaani wa baba, basi, kama vile dunia nzima ina mti mmoja. Nilituma picha kwenye kundi la chama. Wakajibu watu sita, nikapata majina saba. Mama siku hizi anachanganya hata majina yetu sisi watoto. Aliyebaki wa kuulizwa ni mmoja tu, na huyo ndiye nisiyezungumza naye.

Kwa hiyo nililala nimechoka na nimeudhika, na ndoto nayo ikanipokea hivyohivyo.

Nikaubeba mti kwenye sinia lake. Nilitoka mlangoni kwangu nikaingia moja kwa moja kwenye uwanja wa shule niliyosoma darasa la kwanza. Sikushangaa. Nilikasirika tu kwamba nimekuja ofisini na kandambili.

Foleni ilikuwa ndefu. Kulia walisimama watu waliobeba miti mifupi. Kushoto ilisimama miti mirefu iliyobeba watu wafupi. Mwarobaini mmoja ulikuwa umembeba mzee wa ukubwa wa chupa ya soda, ukimgeuza polepole apate jua pande zote.

"Shikamoo," nikamwambia mzee.

"Marahaba. Walinipogoa jana," akasema, kama mtu anayesema amenyoa.

"Simama vizuri," ikasema sauti karibu na kidevu changu. "Unanitikisa mizizi."

Ulikuwa mti wangu. Sauti yake ni ya mtu mzima aliyesubiri sana hospitali.

"Kumbe unazungumza," nikasema.

"Kumbe unasikia. Miaka tisa nakwambia usinimwagilie kila saa kumi na mbili kama dozi, hunisikii."

Sikuwa na hamu ya kugombana na mti mbele za watu. Nikasogea na foleni.

Mlangoni mlinzi alikuwa debe la kumwagilia, lenye kofia. "Udongo wa mti umekauka?" akaniuliza.

"Sijui. Nilimwagilia jana."

"Hapa jana haitumiki. Tunapima kwa kidole. Acha kidole mapokezi."

Nilidhani natakiwa kukitumbukiza kwenye udongo. Sivyo. Alikichomoa kidole changu cha shahada bila maumivu yoyote, kama mtu anavyochomoa kalamu kwenye kifuniko, akakisimamisha kwenye udongo wa sinia, akanikabidhi namba: nne. Baada ya dakika kumi akakirudisha mahali pake.

"Kinasema kuna unyevu," akasema. "Nenda chumba cha picha."

"Si angeniuliza tu mimi?" nikauambia mti.

"Wewe ungesema hujui," ukajibu mti. "Umeshasema."

Chumba cha picha kilikuwa jiko la shangazi yetu, moshi na kila kitu. Mpiga picha, siwezi kueleza vizuri, alikuwa dirisha. Anataka picha ndogo mbili za mti, masikio yote yaonekane, uso utazame mbele.

"Mbele ya huu mti ni wapi?" dirisha linauliza.

Nageuza sinia. Kila bonsai ina upande mmoja wa mbele, ambako shina linaonekana vizuri na matawi hayakupigi usoni. Miaka tisa nimeamua ni huu wenye mzizi mnene.

"Huo ni mgongo," unasema mti.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Umekuwa ukiwaonyesha wageni mgongo wangu. Nilinyamaza kwa heshima."

Nageuza tena. Mti unasema hapo ni kwapani. Nageuza tena. Dirisha linasema muda umekwisha, linapiga, na kwenye picha zote mbili nimetokea mimi, ubavuni, mdomo wazi.

"Inatosha," linasema dirisha. "Wa dirisha la kwanza haangaliagi picha."

Nilitaka kuuliza kwa nini basi tumepiga, lakini jiko la shangazi lilikuwa limeshakuwa ukumbi wenye madirisha matatu. La kwanza limeandikwa MIKUYU. La pili, FIKASI ZA MJINI, ile miti ya uzio wa mahoteli. La tatu halikuandikwa kitu, na limefungwa. Kuna karatasi: Nimeenda kunywa chai.

Karani wa dirisha la kwanza alikuwa kipande cha msasa, ule wa kusugulia mbao. Alivuta jani moja la mti wangu akalisugua kwenye shavu lake.

"Laini," akasema kwa masikitiko. "Jani la mkuyu linakwaruza kama ulimi wa paka. Hili hata haya halina. Matunda yanatokea wapi? Kwenye shina?"

"Haujawahi kuzaa."

"Haujazaa, hauna ukali, unakuja dirisha la mikuyu. Mama, unatupotezea muda."

"Si mimi niliyesema ni mkuyu. Ni watu wa kwenye kundi."

"Hao wameshapita hapa wote. Nao tumewakuta ni laini. Dirisha la pili."

Karani wa dirisha la pili alikuwa mkasi wa kukatia uzio, ule mrefu wa kushika kwa mikono miwili, na alinifurahia kupita kiasi. "Karibu! Wako ni wetu! Kila mti usiojulikana ni wetu!" Akaanza kupasha moto makali. "Tunaukata duara au pembe nne? Mahoteli siku hizi yanapenda duara mbili, moja juu ya nyingine."

"Haukatwi chochote. Nataka jina tu."

"Jina linakuja na duara."

"Angalia jani kwanza," nikamwambia, maana mimi kazi yangu ni kuangalia vitu vidogo, na hilo nilikuwa na uhakika nalo. "Fikasi ya mjini jani lake jembamba, lina ncha ndefu ya kuchuruzisha mvua. Hili ni nene, limetanuka huku mbele, na ncha yake ni butu kama kijiko."

Karani akaliangalia jani muda mrefu.

"Tunaweza kuivuta," akasema.

"Kuivuta nini?"

"Ncha. Nina wenzangu wawili hapa nyuma. Tukiivuta jani moja moja, hadi saa kumi tumemaliza."

"Nitoe hapa," ukasema mti. "Nitoe hapa sasa hivi."

Tukakaa chini ya dirisha la tatu. Chai ya mtu ilichukua muda ambao, kwa hesabu ya ndoto, ulikuwa kiangazi kimoja. Mti ulitoa majani mawili mapya. Nilitaka kulia, si kwa huzuni. Kwa uchovu ule wa kuzungushwa.

"Kwani wewe mwenyewe hujui jina lako?" nikauliza.

"Nalijua."

"Sasa si useme!"

"Mtu hajitaji jina mwenyewe kwenye ofisi ya utambuzi. Ingekuwa hivyo wangefungua ofisi ya nini?"

Dirisha likafunguka. Aliyekuwa ndani ni nyigu, mdogo kuliko punje ya uwele. Ilibidi nitoe lenzi mfukoni ndipo nikamwona vizuri: mwanamke, amevaa miwani, na miwani yenyewe nilitambua ni kazi ya dukani kwetu.

"Namba nne," akasema. "Tunda."

"Hauna tunda, mama."

"Mimi natambua kwa kuingia ndani ya tunda. Kila aina ya mti wa jamii hii ina nyigu wake. Nikiingia nikajisikia nyumbani, ni wa kwetu. Nikijisikia ugenini, si wa kwetu. Hakuna njia nyingine."

"Na ukishaingia unatokaje?"

"Sitoki. Kazi hii inafanywa mara moja tu maishani, ndiyo maana nilikwenda kunywa chai kwanza."

Yeye akageukia mti. "Zaa."

"Sizai kwa kuamriwa," ukasema mti.

"Basi shahidi. Kanuni inaruhusu shahidi mmoja, aliyeujua mti kabla haujawa mfupi, na aliyesikia baba akiutaja kwa jina." Akafungua daftari dogo kama kucha. "Hapa pana jina moja. Rwezaura."

"Hatuzungumzi," nikasema.

"Sijauliza kama mnazungumza."

"Aliukata mti mkubwa. Huu ndio pekee uliobaki. Siwezi kwenda kumwomba jina la mti alioua mwenyewe."

Hapo mti ukanigeukia. Sijui mti unageukaje, lakini ulinigeukia, na nikaona kwamba kweli, ule niliouita mgongo ndio uso.

"Nani aliyeuawa?" ukauliza.

"Wewe. Yaani mama yako. Yule mkubwa."

"Mimi sina mama. Wewe mtoto ulikata tawi langu, ukalipanda. Hilo tawi ni mimi. Sikuanza umri upya kwa sababu umenivusha ziwa. Ni mimi niliyekuangusha ukiwa darasa la pili ukavunja jino. Ni mimi baba yako alikuwa ananiegemea anaponyoa ndevu, kioo kakipachika kwenye panda ya matawi. Miaka miwili unaniomboleza na huku unanimwagilia. Nimekuvumilia mno."

Nyigu akagonga mhuri kwenye kitu nisichokiona, akasema, "Chumba cha tano. Shahidi yuko tayari." Akafunga dirisha.

Nafungua mlango wa chumba cha tano, na ni Ibwera.

Ni nyuma ya nyumba ya Tata. Migomba ile ile, mibuni ile ile, tangi jeusi palepale lilipo kwenye picha. Kando ya tangi pana sinia kubwa la bluu la bonsai, na ndani ya sinia amesimama kaka yangu Rwezaura, amefukiwa kwenye kokoto hadi kwenye miguu ya suruali. Mikono yake yote imezungushiwa waya, kuanzia begani mpaka kwenye kifundo cha mkono, na imepindwa ielekee juu kushoto, kwa uzuri kabisa. Nani aliyemfunga sijui, lakini anajua kazi.

"Koku," anasema. "Umechelewa. Niko hivi tangu Jumatatu."

"Shikamoo kaka," nikasema. Ilinitoka tu. Miaka miwili sikuwa nimemwamkia.

"Marahaba. Huu waya wanasema ni wa kunipa umbo. Mimi nina miaka hamsini na mbili, Koku. Umbo ninalo."

Mkasi wangu wa kupogolea, ule mdogo wa Japani ninaoupenda, ulitoka mfukoni wenyewe, ukafungua mdomo na kusoma kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Matawi mawili yakitokea kwenye kifundo kimoja, yakatazamana na kushindana, moja litolewe."

"Hiyo ni kanuni ya miti," nikasema.

"Ninyi mmetokea kifundo kimoja?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mnatazamana na kushindana?"

Kaka akasema, "Ndiyo," kabla sijamzuia. Huyo ndiye Rwezaura. Akiulizwa swali na ofisi yoyote anajibu ukweli upesi upesi, kama anawahi gari.

"Moja litolewe," ukasema mkasi. "Anayeshika mkasi ndiye anayechagua." Ukajiweka kwenye kiganja changu.

Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilimtazama kaka yangu kama ninavyotazama mti. Nilitafuta tawi lisilo na kazi.

"Kwa nini uliukata?" nikamwuliza.

"Nilikuandikia."

"Sikusoma."

"Basi nisemeje zaidi? Niliandika ukurasa mzima. Nilikaa siku mbili naandika, mke wangu akadhani naandika wosia." Akataka kuonyesha kwa mkono, waya ukamkatalia, akaonyesha kwa kidevu. "Nenda kaangalie ukuta wa chumba cha mama."

Nilienda. Mizizi ya mti wa Tata ilikuwa imepita chini ya msingi, na ukuta ulikuwa umepasuka toka chini hadi kwenye dirisha. Niliingiza mkono kwenye ufa. Uliingia mpaka kwenye kiwiko. Na huko ndani mkono mwingine ukaushika wangu na kuusalimia, mkono mwembamba sana, wenye ngozi laini kama karatasi ya kufungia maandazi.

"Karibu mwanangu," akasema mama upande wa pili wa ukuta. "Pita mlangoni, watu hawaingilii hapo."

"Nakuja, mama."

"Wewe ni yupi?"

"Koku."

"Na yule mwenzio kasimama nini juani?"

Niliurudisha mkono polepole. Nilikuwa nimemkasirikia Rwezaura kwa miaka miwili kwa sababu ya tangi, na tangi lenyewe, sasa naona, aliliweka pale kwa sababu pale palikuwa tayari pana shimo la mizizi iliyong'olewa.

"Ungepiga simu kabla," nikamwambia.

"Nilipiga mara kumi na moja. Ulikuwa kwenye mafunzo yenu ya kupinda matawi, Dodoma. Mvua zilikuwa zinaanza, Koku. Ningengoja umalize kupinda, ukuta umwangukie mama?"

"Ungeniachia hata kisiki."

"Ningekuachia kisiki, mizizi ingeendelea. Wewe si mtaalamu? Mti wa aina hii unakufa kwa kukatwa?"

"Haufi," ukasema mti kutoka kwenye sinia lake. "Ninalisema hili kwa mara ya pili leo."

Mkasi ukakohoa. "Tunangoja. Moja litolewe."

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nilichoka na msasa, na mkasi wa uzio, na nyigu na chai yake, na kaka yangu anayejibu kila anachoulizwa, na mimi mwenyewe. Nikausogeza mkasi karibu na uso wangu.

"Wewe nakunoa kila mwezi," nikauambia. "Ulichosoma ni nusu ya ukurasa. Soma chini."

"Chini ni maandishi madogo."

"Nina lenzi."

Nikaushikia lenzi. Mkasi ukasoma bila furaha: "Isipokuwa shina likiwa jembamba. Shina likiwa jembamba, tawi lisikatwe. Liachwe lirefuke bila kuguswa, lilishe shina mpaka linenepe."

"Shina letu ni mama," nikasema. "Nimetoka kumshika mkono sasa hivi. Amekonda. Hakatwi mtu hapa."

Mkasi ulifikiri. Ukafunga mdomo kwa kishindo kidogo, kama mtu anayefunga faili ambalo alitaka kuliendeleza.

Mara nyigu akatokea, ametua juu ya sikio la kaka yangu, daftari wazi. Hakuwa na habari na mambo yetu. "Shahidi. Huu ni mti gani?"

Rwezaura akainama kadiri waya ulivyomruhusu. Alichuma jani moja kwa meno. Utomvu mweupe ukatoka kwenye kikonyo. Akautazama mti kutoka chini mpaka juu, kisha akaniangalia mimi kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake mwenyewe.

"Si mtoma huu?" akasema. "Babu alikuwa anabandua gome lake, wanaliponda mpaka linakuwa nguo. Tata alikuwa anasema, 'Mtoma huu ulinivisha nilipozaliwa.' Wewe ulikuwa shule ya bweni, ndiyo maana. Koku, kweli miaka yote hii hujui?"

"Ningemwuliza nani?"

Akatazama chini, kwenye kokoto.

Nyigu akaandika. "Jina: mtoma. Umri: uleule. Upande wa mbele: umerekebishwa." Akapuliza wino. "Sasa nakala mbili."

"Nakala mbili za nini?" nikasema, na nadhani nilipiga kelele. "Picha ninazo mbili! Barua ninayo! Kidole kimepimwa! Mnataka nakala ya nini tena?"

"Ya mti," akasema nyigu. "Moja inabaki kwako. Nyingine inakaa na shahidi. Sijui kwa nini unapiga kelele. Nakala ya mti ni tawi."

Nilitazama mti wangu. Tawi la kulia, la pili kutoka chini, nimelilea miaka sita. Ndilo linalofanya watu wasimame mbele ya meza yangu.

"Hilohilo," ukasema mti. "Usinipe la nyuma ambalo hulipendi. Nami nataka kurudi nyumbani vizuri."

"Utarudi upasue ukuta tena."

"Nipandeni mbali na ukuta. Hilo nalo linataka ofisi?"

Nikalikata. Mkasi ulikata safi, bila maneno. Maziwa yalitoka, nikayafuta kwa ukingo wa kanga. Nikaliweka tawi kwenye mkono wa kaka yangu wa kulia. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa waya lakini alilishika kama mtu anavyoshika yai.

"Sasa nitolee hii minyororo," akasema.

"Si minyororo, ni waya. Na haukunjuliwi. Ukikunjuliwa unachubua gome. Unakatwa mzunguko mmoja mmoja."

"Gome! Nina gome mimi?"

"Tulia."

Nakata. Mzunguko mmoja, mwingine, mwingine. Vipande vinaanguka kwenye kokoto. Mama anauliza kwa ndani kama tumeshamaliza tuje tule. Kaka analalamika shingo, analalamika jua, analalamika kwamba namkata polepole makusudi. Mkono wa kulia umeisha. Wa kushoto naanzia begani, nashuka, nafika kiwikoni, nafika karibu na kiganja.

"Bado mmoja," anasema.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nilikwenda barazani na kanga tu. Mti ulikuwa mahali pake, mzima, matawi yote, umenyamaza. Nililigeuza sinia nusu duara, nikarudi nyuma hatua tatu kuutazama. Kweli nilikuwa nikionyesha mgongo.

Nikachukua kadi ya maonyesho, nikaandika: Mtoma. Kisha nikakaa na simu mkononi mpaka kulipopambazuka, maana mtu akipigiwa alfajiri na ndugu asiyezungumza naye anafikiria mabaya.

Alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Koku? Kuna nini? Mama ninaye hapa, ni mzima."

"Shikamoo kaka."

Nilisikia jogoo wao. Nikasikia akikohoa mbali na simu.

"Marahaba," akasema. Halafu akasema tena, "Marahaba, mdogo wangu. Hebu subiri, nibadilishe mkono. Huu wa kushoto nimeamka nao una alama hapa juu ya kiganja. Mduara mmoja tu, umezama kabisa, kama nimefungwa waya. Mama anasema nimelalia mkeka. Mkeka gani wa duara?"

Nilikaa chini kwenye ngazi.

"Usiuzungushe," nikamwambia.

"Nini?"

"Huo mkono. Usiuzungushe wala usiusugue, na usikae juani. Napeleka mti kwenye maonyesho, wakiuona naondoka. Napanda meli ya jioni. Nakuja na tawi lako na mkasi."

"Mkasi wa nini, Koku?"

"Umebaki mmoja," nikasema.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema taratibu, karibu na simu, ili mama asisikie:

"Nilikuwa naona aibu kukwambia. Nilidhani nimeota peke yangu."